SOMO: Kuongeza diski ya pili kwenye Linux bila kugusa ile ya kwanza

Wakuu, swali la "nimefunga diski mpya lakini siioni" linarudi kila mara na majibu yamesambaa kila kona. Nayaweka pamoja hapa. Atakayeuliza tena ataelekezwa huku. Mfano ni diski ya SATA ya TB 2 kwenye Ubuntu 24.04, diski nzima iwe ya kutunzia data. Debian na Mint ni vilevile.

1. Kufunga. Zima mashine, chomoa waya ukutani, piga picha stika ya diski, kaza skrubu, chomeka waya wa data na wa umeme, washa.

2. Kuitambua.

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,FSTYPE,MOUNTPOINTS`

Linganisha safu ya SERIAL na ile picha ya stika. Usikisie kwa jina. Kerneli (kiini cha Linux) hugawa majina sda, sdb, sdc kadiri inavyozikuta diski, kwa hiyo sdb ya leo inaweza kuwa sdc kesho ukiwasha na flashi imechomekwa. TB 2 itasomeka 1.8T. Hujapunjwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1000, lsblk inahesabu kwa 1024.

Kuanzia hapa, penye sdX weka herufi ya diski yako.

3. Patisheni, yaani sehemu ya diski itakayofomatiwa.

`sudo parted --script /dev/sdX mklabel gpt mkpart data ext4 1MiB 100%`

Amri hii haiulizi mara mbili. Ukikosea herufi, jedwali la patisheni la diski nyingine limeondoka. Tumia gpt, kwa sababu jedwali la zamani la MBR linaishia TiB 2 na diski utakayonunua baadaye huenda ikavuka hapo. Kuanzia 1MiB kunaifanya patisheni ikae sawa na sekta za 4K. Ikianza katikati ya sekta, maandishi madogo yanagusa sekta mbili badala ya moja na kasi inashuka.

4. Kufomati.

`sudo mkfs.ext4 -L data -m 1 /dev/sdX1`

Ni sdX1, yenye namba mwishoni. Kwenye SSD ya NVMe patisheni inaitwa nvme1n1p1. Usiache hiyo `-m 1`: ext4, yaani mfumo wa faili tunaouweka, kwa kawaida humtengea root (msimamizi wa mfumo) asilimia 5, na kwenye TB 2 hiyo ni karibu GB 100 ambazo mtumiaji wa kawaida hazigusi.

5. Folda ambamo diski itaonekana. `sudo mkdir /mnt/data`

6. fstab, faili linaloiambia mashine ipachike diski zipi (mount, yaani iziunganishe na folda) inapowaka. Soma hatua hii yote kabla ya kuandika herufi hata moja.

`sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.bak`
`sudo blkid /dev/sdX1`

blkid itakupa UUID (kitambulisho cha mfumo wa faili uliouweka hatua ya 4) na PARTUUID (kitambulisho cha patisheni). Hivyo ni vitu viwili tofauti, unayoitaka ni UUID. Wengi wanabeba ile ya mwisho kwenye mstari kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na macho, wanaiandika baada ya `UUID=`, na mfumo unaanza kutafuta diski isiyokuwepo. Ongeza mstari mmoja tu mwishoni mwa /etc/fstab:

`UUID=namba-yako /mnt/data ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2`

Baada ya koma usiweke nafasi, maana nafasi ndiyo inayotenganisha safu. Ile 2 ya mwisho ina maana diski hii ikaguliwe baada ya ile ya mfumo, ambayo ina 1.

`nofail` isikosekane. Bila hiyo, waya ukilegea au namba ikikosewa, systemd (programu inayoendesha uwashaji wa mfumo) itasubiri sekunde 90 kisha itakutupa kwenye hali ya dharura. Kwenye Ubuntu kwa kawaida unabonyeza Enter, unaingia kama root na kuufuta mstari ule, lakini kwenye Debian ambayo akaunti ya root imefungwa, hata hiyo hali ya dharura itakukatalia kuingia. Hapo dawa ni kuwasha kwa flashi ya Ubuntu, kupachika patisheni ya mfumo, na kuufuta mstari ule kwenye fstab yake. Data yako iko salama kabisa, ila jioni imeshaharibika.

Jaribu kabla ya kurestati:

`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo findmnt --verify`
`sudo mount -a`
`findmnt /mnt/data`

Usiridhike na mount -a kukaa kimya. Ukiwa na nofail, diski isiyopatikana inarukwa bila neno. Ushahidi ni amri ya mwisho: ikionyesha /dev/sdX1, umemaliza. Isipoonyesha kitu, rudi kwenye UUID.

7. Umiliki. `sudo chown $USER: /mnt/data`, na iwe *baada* ya kupachika. Ukiifanya kabla, umebadilisha mwenye folda tupu iliyo chini. Diski yenyewe inabaki ya root na utalalamika kwamba huwezi kunakili kitu.

---

Kisiki: Mkuu haifanyi kazi, inaleta hitilafu. Msaada wa haraka tafadhali.

Mtoa somo: Hitilafu ipi? Weka matokeo ya `lsblk -f` na mstari wako wa fstab kama ulivyo.

Kisiki: Inasema "wrong fs type, bad option, bad superblock". Kwenye lsblk, sdb1 haina kitu chini ya FSTYPE.

Mtoa somo: Umeruka hatua ya 4.

Pweza: Asante kwa somo. Nina swali: kama nofail inaacha mashine iwake bila diski, bakapu yangu ya usiku si itaandika kwenye /mnt/data tupu na kuijaza diski ya mfumo?

Mtoa somo: Umeuliza jambo la maana sana, na ndivyo inavyotokea. Toa diski kwa `sudo umount /mnt/data`, kisha `sudo chattr +i /mnt/data`. Folda iliyo chini inakuwa haiandikiki hata na root, lakini kupachika juu yake kunakubali kama kawaida. Rudisha na `sudo mount /mnt/data`. Kwenye skripti ya bakapu weka juu kabisa:

`mountpoint -q /mnt/data || exit 1`

Na kama bakapu yako ni huduma ya systemd, ongeza `RequiresMountsFor=/mnt/data` chini ya [Unit]. Haitaanza mpaka diski ipachikwe.

Tufe: UUID ya nini? Mimi naandika /dev/sdb1 miaka yote na haijawahi kusumbua.

Mtoa somo: Hujawahi kuongeza diski ya tatu. Sababu iko hatua ya 2, sirudii.

Mnazi: Yangu imetoka kwenye mashine ya Windows, ina picha za familia. Naanzia hatua ya 3?

Mtoa somo: HAPANA, dada. Ya 3 na ya 4 zinafuta kila kitu. Ruka mpaka ya 5. Kwenye fstab, badala ya ext4 andika `ntfs3`, baada ya defaults ongeza `uid=1000,gid=1000`, na mwisho iwe `0 0`. Hatua ya 7 achana nayo, hiyo uid inatosha. Ikikataa ikisema "volume is dirty", Windows haikuzimwa kabisa. Irudishe kule, fungua terminali kama msimamizi, `powercfg /h off`, kisha chkdsk, kisha zima. Usilazimishe kwa `force`, na nakili hizo picha mahali pengine kwanza.

Tembo2: Kwa tunaonunua diski zilizotumika Kariakoo, tuangalie nini?

Mtoa somo: `sudo smartctl -a /dev/sdX`, ipo kwenye smartmontools. Soma namba ya mwisho kwenye mistari yenye ID 5, 197 na 198, inayohesabu sekta mbovu. Ya 197 ikizidi sifuri, usinunue. Ya 199 ikipanda, kwa kawaida ni waya wa data, badilisha waya kwanza. Saa za kazi ziko mstari wenye ID 9, ila zinaweza kufutwa, usizitegemee peke yake. Ukifika nyumbani endesha `sudo smartctl -t long /dev/sdX` uache imalize, ni saa kadhaa.

Pweza: Naongezea: yangu haikuonekana hata kwenye BIOS. Kumbe mazabodi inazima tundu moja la SATA ukichomeka SSD ya M.2. Nimehamisha waya tundu la pili, imesoma.

Mtoa somo: Kweli, mazabodi nyingi ziko hivyo. Kitabu chake kinataja ni tundu lipi linalozimwa.