Rodi laisensi ya gari Uingereza kwa mwenye ulemavu: msamaha upo lakini mpaka uuombe

Nipo Wete, Pemba, likizo, juzi baada ya laasiri tumekaa barazani na ami yangu ambae nae kaja kupumzika kutoka Uingereza, stroki ilimpiga upande wa kushoto miaka mitatu nyuma, anatembea kwa mkongojo na anaendesha gari ya otomatiki. Katika kuzungumza ndo nikajua kumbe kila mwaka analipa rodi laisensi kamili, na PIP (pesa za serikali ya huko kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu) anayo, tena ile ya juu. Wallahi iliniuma. Yeye alidhani ukishapewa PIP basi na la gari linajipanga lenyewe. Halijipangi, na najua hayuko peke yake, ndo maana naandika.

PIP ina sehemu mbili, ya kujihudumia nyumbani na ya kutembea, kwenye gari wanaangalia ile ya kutembea tu. Ukipewa enhanced, yaani kiwango cha juu, hulipi kitu, ukipewa standard, kile cha chini yake, unalipa nusu. Wenye DLA, msaada wa ulemavu uliokuwepo kabla ya PIP, ya kutembea kiwango cha juu nao hawalipi. Blue Badge ni ya kuegesha, haikusamehei kodi hii. Attendance Allowance, ule msaada wa wazee wenye ulemavu, haina sehemu ya kutembea kabisa, na ukishapita umri wa pensheni huwezi kuanza kuomba PIP upya, kwa hiyo wazee wanaokaribia umri huo wasingoje. Na kama visa yako imeandikwa huruhusiwi misaada ya serikali usiombe PIP kabla hujaonana na mtu anaejua sheria za uhamiaji, utajiharibia makaratasi.

Sasa hapa ndo watu wetu wanapopoteza. Siye kwetu ukiulizwa hujambo, hata kama homa imekulaza siku tatu, unajibu sijambo alhamdulillahi. Mama yangu mdogo alipopigiwa simu ya tathmini akaulizwa unatembea, akasema natembea, namshukuru Mungu, na kweli anatembea, kutoka kitandani mpaka chooni huku kashika ukuta! Akanyimwa. Kumshukuru Mungu ni wajibu lakini yule kwenye simu anaandika pointi. Kama huwezi kupita mita 20 hizo ni pointi 12, na 12 ndo enhanced, 8 mpaka 11 ni standard. Tena hawatakiwi kuhesabu mita ulizojikokota mara moja ukaanguka, inatakiwa uweze kwa usalama, kwa muda wa kawaida, na kurudia tena kila unapohitaji, basi eleza siku yako mbaya ilivyo, maumivu, kupumzika njiani, nani anakushika mkono. Neno ulemavu lisikutie haya. Ukinyimwa una mwezi mmoja wa kuwaomba waangalie upya, na baada ya hapo kuna tribunali, mama mdogo alipata huko.

Ukishapata, mara ya kwanza unakwenda Posta, ile inayoshughulika na kodi za magari maana si zote, na kila ukibadilisha gari unarudi tena Posta. Chukua kadi ya gari (V5C), barua ya PIP yenye uthibitisho wa kiwango chako, MOT (cheti cha ukaguzi wa gari) iwe hai, na fomu V10 ya kuombea kodi ya gari. Wa nusu wao hawaendi Posta, wanatuma makaratasi hayo hayo pamoja na cheki kwa DVLA, idara ya magari, kule Swansea. Mwaka unaofuata aliesamehewa anaweza kufanya kwenye intaneti, ila lazima afanye, hata kama malipo ni sifuri, usipoomba gari inahesabika haina kodi na faini inakuja.

Msamaha ni wa gari moja tu kwa wakati mmoja, iwe kwa jina la mgonjwa au la mtu anaemuendesha, na kazi yake iwe ni shida za mgonjwa. Mtoto kumpeleka baba hospitali au kumletea dawa na chakula sawa, kuichukua kwenda kazini kwake yeye hapana. Na hili liwaingie wanaokuja huku kukaa muda mrefu, baba yupo Pemba na gari imebaki kule, vijana hawana ruhusa ya kuzunguka nayo kwa mambo yao. Halafu PIP yenyewe ukiwa nje kwa muda inaendelea wiki 13, ukiwa umefuata matibabu 26, na safari ikizidi wiki 4 waambie kabla hujaondoka.

Ami barua yake ipo kwenye droo huko huko kwake, nshampigia mwanawe jana aitoe aiweke pamoja na kadi ya gari na aangalie MOT inaisha lini, wiki atakayorudi inshallah wanakwenda Posta.