Kijana Ahesabiwe: namna ya kumbakisha kwenye darsa baada ya sherehe

Hapa Tanga vijana wengi hupotea wiki chache tu baada ya kuhitimu msahafu au kupata kipaimara. Wayahudi wanaujua mtihani huu, maana kwao pia wapo wengi wanaoaga baada ya bar mitzvah, sherehe ya mvulana kufikia umri wa kubeba wajibu wa dini. Hata hivyo, ndani ya desturi hiyo mna jambo la kujifunza. Mvulana akitimiza miaka 13 anabeba wajibu wa dini kama mtu mzima (msichana kwa desturi ya zamani, miaka 12). Katika masinagogi ya Kiorthodoksi, yaani ya Wayahudi wanaoshika sana desturi za zamani, mvulana huyo anahesabiwa miongoni mwa wanaume 10 wanaohitajika ili baadhi ya sala za jamaa zisaliwe. Wakiwa 9, sala hizo hazisaliwi, na yeye anajua kwamba anangojwa.

Basi anzeni hapo. Kabla ya sherehe, si baada yake, mpeni kila kijana kazi ambayo asipofika inakwama. Kupanga viti hakufai, kwani yeyote atavipanga. Afundishe watoto watatu herufi kila Jumapili, aendeshe vipaza sauti, au ashike daftari la michango ya misiba. Penye hela, mtu mzima apitie hesabu kila wiki. Kijana akipungukiwa shilingi 2,000 na hana wa kumweleza, ataona haya na hatarudi.

Kwa darsa lenyewe, chukueni mtindo wa Kiyahudi uitwao chavruta: watu wawili, maandiko mamoja, wanasoma kwa sauti na kubishana maana. Vijana 12 ni jozi 6. Wavulana wakae na wavulana, wasichana na wasichana, ila marafiki wa chanda na pete msiwaweke pamoja, watapiga soga. Badilisheni jozi kila baada ya wiki nne.

Toeni nakala moja kwa kila jozi. Hili ndilo linaloharibu mambo mara nyingi: kila mtu akiwa na karatasi yake, kila mtu anasoma kimya na mazungumzo yanakufa. Mistari 8 hadi 12 yatosha. Chagueni sehemu yenye utata wa kweli, msiwape ya watoto wadogo. Hati ya Torati inayosomwa kwenye sinagogi haina alama za irabu, ndiyo maana kijana wa Kiyahudi huifanyia mazoezi miezi kadhaa, na ugumu huo ndio unaomfanya aone ameheshimiwa.

Dakika 25 wasome na kubishana, 20 kila jozi ilete swali moja lililowashinda, kisha chai na maandazi. Chai ikitangulia, nusu wataondoka nayo. Mwalimu azunguke, asikae na jozi yoyote, maana akikaa wanangoja jibu lake. Kelele isimtie wasiwasi. Hata kwenye kumbi za chavruta ni kelele tupu. Jumamosi saa 10 alasiri inafaa: tuisheni imeisha, na anayerudi Pongwe atawahi daladala kabla ya giza.

Akibaki mmoja, fanyeni kundi la watatu. Na kijana akikosa mara mbili, mwalimu asimpigie simu. Aende mwenzake wa jozi nyumbani kwao, na ile karatasi mkononi, wasome pale pale barazani.