Kabla hujalipia amplifaya, igeuze usome nyuma

Wati 3000 za PMPO (nguvu ya kufumba na kufumbua tu) zilizobandikwa usoni zisikubabaishe. Igeuze, usome kibandiko karibu na waya wa umeme. Kikisema inavuta wati 80, spika zako haziwezi kupata hata hizo 80 kwa mfululizo, maana sehemu yake inaishia kuwa joto. Unachotafuta ni wati za RMS, yaani nguvu ya mfululizo, kwa kila upande, kwenye spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika).

Na wala huhitaji nyingi kihivyo! Ukipanda kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio linaona tofauti ndogo. Kwa sebule ya kawaida wati 40 au 50 safi zinatosha kabisa. Hela inayobaki iweke kwenye spika, ndiko sauti inakobadilika kweli.

Angalia na omu. Kama spika zako ni za omu 4 na nyuma ya amplifaya pameandikwa 6 hadi 16, iache hata kama bei inavutia. Ukifungulia sana itachemka, ijizime au iungue. Mwenye santuri za mzee nyumbani atafute matundu ya PHONO, yenye skrubu ndogo ya ethi pembeni.

Halafu ukiwa hapohapo dukani, washa bila muziki, chagua CD, pandisha sauti hadi nusu, sogeza sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Mlio wa "shii" au mngurumo ukisikika wazi, omba nyingine. Rudisha sauti chini kabla hawajaweka wimbo.