Wahamia nyumba yako Lamu mjini? Tazama maji kwanza

Hongera, manake kununua nyumba Lamu si mchezo, ukikuta nyumba ya mawe ina warithi tisa na kila mmoja lazima atie sahihi utajua mwenyewe. Sasa hayo yashapita, funguo unazo, kila ukipita mtu akuuliza "wahama lini?" na weye ushaanza kuwajibu Jumamosi kwa sababu Jumamosi huendi kazini. Ngoja kidogo. Tazama mwezi wa mbinguni ni mwezi ngapi, manake maji ya bahari hufuata mwezi.

Sisi vyombo vyetu vilitoka Mombasa na lori, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, na hapo ndo mwisho wa gari, ng'ambo wavuka na boti. Tulichagua Jumamosi yetu nzuri kumbe ni mwezi kumi na tano, bamvua, yale maji makubwa. Wakati wa bamvua huku kwetu maji hujaa alfajiri na jioni, saa kumi kumi na moja hivi, na ikifika saa nne saa tano mchana yashapwa yote. Sisi tukatokea mbele ya mtaa wa Langoni saa tano na friji, vitanda na watoto, chini matope matupu. Nahodha akazima mashini, akanitazama, "Mama, hapa tungoje alasiri." Tukangoja juani, na hamali niliowaita wakaenda zao kwa kazi ya mtu mwengine, si makosa yao.

Kwa hivyo chagua maji mafu, mwezi saba nane au ishirini na mbili tatu. Maji hayajai sana lakini hayapwi sana pia, na asubuhi saa nne hivi yako juu, washusha vyombo bila kuloa. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, so ukiahirisha siku mbili hesabu zabadilika. Muulize nahodha mwenyewe kabla hujamlipa mwenye lori, na mwenye lori mwambie alale Mokowe usiku wa kuamkia siku yenyewe, asije akakwambia yuko Witu na maji yanapwa. Kama ni masika basi turubai, magodoro yakirowa ndani ya nyumba ya mawe hayakauki leo wala kesho.

Alafu kuna mambo ya kupima. Nenda na futi ya fundi, upime mlango wa nje, ngazi, na kile kichochoro chote toka baharini mpaka mlangoni, hasa penye kona na pale mnapopita chini ya wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia. Watu hupima chumba wakasahau njia. Ngazi za nyumba zetu wazijua, nyembamba, zapanda wima alafu zakata kona ghafla. Sofa letu la watu watatu lilifika hiyo kona likasimama, halipandi halishuki, hamali mmoja juu mmoja chini wanatupiana lawama na mie katikati nimeshika mto. Mwisho likafungwa kamba likavutwa juu kupitia kiwandani, ule ua wa wazi wa ndani ya nyumba, ukuta ukachubuka chokaa yote upande mmoja. Kabati la milango mitatu lile tuliuza huku huku Mokowe kwa bei ya kulia. Ukipima mapema utauza Mombasa kwa bei ya maana. Kitanda kifungue chote, nati na misumari tia kwenye mfuko ufunge kwenye mguu wa kitanda hicho hicho, usiseme utakumbuka.

Mkokoteni wafaa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, ukiingia mitaa ya ndani ni punda na mabega ya watu. Punda mpe maboksi, mifuko ya nguo, masufuria ndani ya gunia. Vyombo vya kauri, vioo na TV vibebwe na mtu, manake punda akikuna ubavu ukutani hajui kama amebeba kioo chako. Na usimzidishie, hapa punda ana hospitali yake mbele ya bahari na watu wanaangalia. Bei patana kwa safari au kwa mzigo wote kabla ya kitu cha kwanza kuinuliwa, na useme ni orofa ya ngapi, orofa ya pili na ya chini si bei moja. Chai na mahamri ya hamali ni juu yako, usingoje kuambiwa.

Wiki moja kabla, nenda kwenye nyumba tupu na aliyekuuzia. Nunua tokeni ya umeme ya shilingi mia mbili pale pale mbele yake uone yuniti zinazotoka, kama mita ina deni la zamani yuniti zitakuja chache na mtaongea mkiwa bado mwasalimiana. Fungua mifereji yote. Gonga boriti na kisu usikie kama mchwa ashaila ndani. Kama umepaka chokaa, iache ikauke kabisa, na siku ya kupanga vyombo usibandike kabati ukutani, acha kama upana wa kiganja, kuta za mawe hutoa unyevu na chumvi na nguo zitaota ukungu.

Friji likisafiri limelala, lisimamishe na uliache mpaka kesho yake ndo uwashe. Letu tuliwasha usiku ule ule tukitaka maji baridi, mie sisemi kilichotokea.

Mfuko mmoja usiutoe mkononi: hati, dawa, chaja, sabuni, shuka, kandili, sufuria moja, chai na sukari. Na chandarua, hicho usikisahau hata ukisahau watoto lol. Mamangu yeye alisisitiza msahafu uingie kwanza na chetezo cha udi kipite kila chumba, nasi tukafanya, harufu ya chokaa ikapungua pia. Jirani wa mlango wa pili akaleta jagi la maji na mikate bila kuulizwa jina letu.

Kitu cha mwisho, kama nyumba ina birika la zamani chooni, lile tangi la maji la kujengwa, usilimwage maji yote ukasugua na jiki kama nilivotaka kufanya. Chungulia chini kwanza. Letu lilikua na samaki wadogo watatu na bakuli la kauri limejengewa pale chini wabaki na maji birika likikauka, ndo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na aliyetuuzia hakuwataja hata siku moja kwenye maongezi yote ya bei.