Kifuniko cha bwawa kinakwama? Kata kibao cha jikoni kabla hujanunua mota

Salamu wakuu. Niko Salt Lake City, Utah, natunza mabwawa ya kuogelea ya majumbani. Huku vifuniko vya umeme ni vitu vya kawaida: unazungusha ufunguo, turubai linatoka kwenye boksi lake na kulifunika bwawa lote. Kila mwaka watu wakianza kufungua mabwawa baada ya baridi, simu zinakuwa za aina moja: "Kimekwama, mota imekufa." Nikifika naikuta mota nzima kabisa. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye reli, na dawa yake unaweza kuitengeneza mezani kwako.

Kwanza uelewe kinavyokwenda. Turubai limezungushwa kwenye bomba upande mmoja wa bwawa. Pindo zake mbili zimeshonewa uzi mnene unaoteleza ndani ya reli za alumini, kushoto na kulia. Wakati wa kufunga, mota inavuta kamba mbili zinazopita kwenye kapi mwisho wa bwawa na kurudi. Aliyewahi kuona tanga la jahazi likipandishwa ameshaelewa. Kamba moja ikizidiwa, upande mmoja unabaki nyuma, bomba la mbele (lile lililoshika ncha ya turubai inayotangulia) linakwenda mshazari, na turubai linajikaba lenyewe.

Hatua ya 1: Acha ufunguo. Kikikwama usilazimishe hata sekunde tano. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilishikilia swichi nikidhani kitapita tu. Pindo lilichanika karibu mita nzima, na kulishona kulinigharimu zaidi ya malipo ya kazi yenyewe.

Hatua ya 2: Toa maji yaliyo juu. Watu huyadharau haya maji. Bwawa la mita 5 kwa 10 lenye sentimita 1 tu ya maji juu ya turubai limebeba nusu tani. Weka pampu ndogo, subiri. Theluji nayo iache iyeyuke kwanza.

Hatua ya 3: Tazama kina cha maji ya bwawa. Turubai hulala juu ya maji, haliningʼinii hewani. Maji yakishuka chini sana, linabonyea katikati na kuvuta pindo zote mbili ndani. Jaza mpaka katikati ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalonyonya uchafu wa juu ya maji, ujaribu tena. Wengine wanapona hapa hapa.

Hatua ya 4: Soma kinavyokwama. Kikisimama mahali palepale kila mara, kuna kitu kwenye reli, mahali hapo. Kikisimama popote kinapotaka, rudi kwenye uzito na kina cha maji, kisha kagua kamba. Upande mmoja ukibaki nyuma safari nzima, tazama kamba na kapi ya upande huo. Chukua chaki uweke alama sakafuni bomba la mbele liliposimama, kulia na kushoto, mara tatu. Dakika kumi za chaki zimeniokolea siku nzima za kubahatisha.

Hatua ya 5: Kifaa chenyewe. Tafuta kibao cha plastiki cha kukatia mboga, kile cheupe kilichochakaa. Pima upana wa ufa wa reli. Kata kipande chenye umbo la L: shina refu, jembamba kuliko ufa, na mguu mfupi. Unene wake nao upungue kidogo kuliko ufa. Piga msasa kingo zote mpaka ukipitisha kidole husikii ukali. Usitumie bisibisi wala waya: chuma kinakwangua alumini, na ule mkwaruzo utakuja kula pindo pole pole.

Fungua kifuniko chote, kisha zima umeme kwenye breka, si kwenye swichi tu. Ingiza mguu wa L ukiwa umelala sambamba na ufa, ugeuze ndani, halafu vuta kuelekea mwisho wa bwawa. Kamba inalala humo humo, kwa hiyo isogeze kando usije ukaikwangua. Utashangaa kitakachotoka: mchanga, majani ya mwaka juzi, na huku kwetu chokaa nyeupe, maana maji yetu ni magumu. Chokaa hiyo ipake siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri kidogo, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza vizuri.

Hatua ya 6: Piga maji ya mpira kwenye reli, acha ikauke. Funga kitambaa kwenye mguu wa L, kipulizie silikoni ya kulainisha kidogo, pitisha mara moja. Imetosha.

Hatua ya 7: Zungusha kapi za mwisho kwa kidole. Isiyozunguka ibadilishwe, usiibembeleze. Washa umeme, funga kifuniko huku umesimama unapoliona bwawa lote, bila mtu majini.

MASWALI (nimeweka mahali muulizaji alipo)

Diani: Fundi, silikoni huku naambiwa ni bei. Mafuta ya nazi je?

Jibu: Hapana, bosi. Siku mbili za kwanza utanisifu, ya tatu mchanga wote wa pwani utakuwa umeganda kwenye reli. Grisi na oili ya gari vivyo hivyo. Bora uache reli safi na kavu bila kupaka chochote.

Muscat: Asalaam aleikum ndugu yangu. Nimesafisha yote, upande wa kushoto bado unachelewa kama shibiri moja.

Jibu: Waaleikum salaam. Hapo kamba ya kushoto imelegea au imevutika. Mahali pa kuikazia panategemea mtambo wako, kwa hiyo fuata kitabu chake. Punguza urefu wake kidogo kidogo, ujaribu kila mara. Kama imeanza kutoka nyuzi, badilisha zote mbili. Mpya na kuukuu hazivutiki sawa.

Phoenix: Mkuu, mota inanguruma lakini bomba halizunguki kabisa.

Jibu: Hiyo si ya kibao cha jikoni. Huenda klachi inateleza au pini imekatika. Zima breka, umwite anayeujua mtambo huo.

Diani tena: Na watoto wakipita juu kikiwa kimefungwa?

Jibu: Kiwango cha Marekani cha ASTM F1346 kinataka kifuniko cha usalama kihimili ratili 485, kama kilo 220, ili mtu akiangukia aokolewe. Hakikuwekwa kwa ajili ya kuchezea. Na kile kidimbwi cha mvua kinachobaki juu kinamtosha mtoto mdogo kuzama, ndiyo maana ile pampu ya hatua ya 2 mimi huwa siiondoi.