Oda ya simu: pata "sawa" ya maandishi kwanza

Kwa wenzangu wa udalali wa hisa pale Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE): mteja akiagiza kwa simu, mtumie papo hapo ujumbe wa oda yake (hisa ipi, kununua au kuuza, idadi, bei ya ukomo, yaani ya juu kabisa anayokubali kununulia au ya chini kabisa anayokubali kuuzia), ajibu "sawa", ndipo uiingize kwenye mfumo. Saa ya jibu inatangulia saa ya muamala. Mzozo ukizuka, hiyo ndiyo inayoonyesha hukuamua kwa kichwa chako. Haisaidii jibu likibaki kwenye simu binafsi ya ofisa, maana akiacha kazi ushahidi umeondoka naye. Tumia namba ya ofisi, na uhamishie kwenye jalada la mteja jioni hiyohiyo. Jibu litoke namba iliyo kwenye fomu ya akaunti. "Sawa" ya ndugu yake si idhini.