Kijue kidudu cha bwawani kabla hujamwaga dawa

Wafugaji wenzangu wa samaki wa huku Rungwe wakiona kitu kinachezacheza kwenye maji ya kitalu, yaani bwawa la kulelea vifaranga vya samaki, swali la kwanza ni "nimwage dawa gani?" Naomba dawa isubiri. Anayekula vifaranga na anayeliwa na vifaranga wanaishi maji yale yale, na dawa haichagui.

Chota kwa chujio la chai kwenye nyasi za ukingoni, ukung'ute ndani ya bakuli jeupe lenye maji. Acha yatulie. Rangi isikushughulishe, karibu wote wamefanana na tope. Tazama anavyokwenda na anavyopumua, ndipo uhesabu miguu.

Vidoto vinavyorukaruka ni viroboto maji. Hivyo ni chakula kizuri sana cha vifaranga, na samadi ndiyo inayovistawisha. Kijinyoo chekundu kinachojikunja na kujikunjua ni mtoto wa visubi wasiouma. Wekundu wake unamsaidia kuishi kwenye tope lenye hewa kidogo. Mwache, samaki wanampenda. Viluwiluwi vya mbu nao huliwa: anayelala sambamba na uso wa maji ni wa Anofelesi, mbu wa malaria, anayening'inia kichwa chini ni wa mbu wengine.

Wa kuogopa ni mtoto wa kereng'ende. Ana miguu sita, macho makubwa na tumbo nene. Mguse kwa kijiti: anafyatuka mbele kwa kusukuma maji kwa nyuma. Mgeuze chali utaona chini ya kichwa mdomo uliokunjwa. Kifaranga akipita karibu, mdomo ule unachomoka ghafla, unamnasa na kumrudisha tumboni mwa mlafi. Ukimwona mwembamba, mwenye vijani vitatu mkiani, huyo ni jamaa yake mdogo, naye ni mwindaji.

Yuko pia mdudu anayeogelea chali, miguu ya nyuma mirefu kama makasia. Usimshike kwa mkono, anauma vibaya. Huyu hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo utando mwembamba wa mafuta juu ya maji humziba pumzi. Mtoto wa kereng'ende anapumulia majini, mafuta hayamgusi. Dawa yake ni kukausha kitalu, kufunga wavu mdomoni mwa bomba, na kujaza maji siku chache tu kabla ya kupandikiza vifaranga, asipate muda wa kukua.

Konokono mshike kwa kijiko au glavu. Elekeza ncha ya kombe juu, mdomo wa kombe, yaani tundu lake, ukutazame. Ukiwa kushoto, anaweza kuwa Bulinus, abebaye kichocho cha mkojo. Kombe bapa lililojiviringa ni la kuhofia kichocho cha tumbo. Mdomo ukiwa kulia na ng'ombe wananywa hapo, fikiria minyoo ya ini. Mpige picha kando ya rula, umpelekee afisa uvuvi au wa mifugo, na watoto wasiingie majini mpaka upate jibu.